Birmingham Hadi Bisley: Safari ya Bastola Kuukuu Inayopimiwa Chakula kwa Punje

JE, msomaji, nyumbani kwa babu yako kuliwahi kuwa na baiskeli aina ya BSA? Iwapo jibu ni ndiyo, basi mji tunaouzuru Jumapili ya leo si mgeni kwenu hata kidogo. Itazame vyema nembo ya baiskeli hizo za zamani. Utaona bunduki tatu zimesimamishwa na kuegemezana mfano wa miti ya kibanda. Herufi BSA ni ufupisho wa jina la kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa mji wa Birmingham, Uingereza. Kampuni hiyo ilianza na bunduki, baiskeli na pikipiki zikafuata baadaye.

Wasafiri wengi kutoka humu nchini wakifika Uingereza huishia London. Hupiga picha kando ya mto Thames, hununua zawadi na kurejea. Leo tuandamane njia nyingine. Tutaanzia Birmingham, ambako bastola ya kijeshi iitwayo Webley ilizaliwa, kisha tuteremke kusini hadi Bisley, mahali ambapo wazee na vijana bado huifyatua bastola hiyo kwa risasi walizozijaza kwa mikono yao wenyewe. Njiani tutajifunza kwa nini kazi hiyo ya mikono hudai subira kuliko nguvu, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tulio mbali na huko.

MTAA WA MAFUNDI

Birmingham ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Uingereza, na kutoka London ni mwendo wa kama saa moja u nusu hivi kwa gari la moshi. Ukishuka katikati ya mji, tembea kuelekea kaskazini hadi barabara ziitwazo Steelhouse Lane, Loveday Street na Weaman Street. Hapo ndipo palipokuwa na mtaa wa mafundi wa bunduki.

Usitarajie kuuona kama ulivyokuwa. Barabara kuu zilizojengwa katika miaka ya 1960 zilipita katikati yake na kubomoa karakana nyingi. Lakini zamani, bunduki moja ilipita mikononi mwa watu chungu nzima kabla ya kukamilika. Huyu alitengeneza mtutu, yule akachonga kitako cha mti, mwingine akasugua chuma, na vijana wakikimbia na vipande vya bunduki kutoka mlango hadi mlango. Kampuni ya Webley ilikuwa na makao yake katika Weaman Street.

Ni vyema pia tukumbuke kwamba mtaa huu ulipata utajiri wake kwa njia ambazo Mwafrika hawezi kuzipita kimya. Katika karne ya 18, bunduki kutoka Birmingham zilisafirishwa kwa wingi hadi Afrika Magharibi, ambako wafanyabiashara walizibadilisha kwa watumwa. Ukisimama kwenye pembe ya Weaman Street ukitazama magari yakipita, kumbuka kwamba milio ya nyundo za hapa ilisikika hadi kwetu.

Bastola ya Webley ilikubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1887. Ikabadilishwa mara kadhaa hadi toleo la sita, lililotoka mwaka 1915 wakati Vita Vikuu vya Kwanza vimepamba moto. Ni chombo kizito, uzani wake ukizidi kilo moja kidogo, chenye silinda ya matundu sita. Tofauti na bastola nyingine, hii huvunjika katikati kama mtu anayeinama. Ukiikunja, kinyota kidogo huinuka katikati ya silinda na kuyasukuma nje maganda yote sita kwa pamoja. Maofisa wa jeshi la King's African Rifles, KAR, lililoundwa mwaka 1902, waliifahamu sana, na huenda babu wa baadhi ya wasomaji wetu waliiona ikining'inia viunoni mwa wakubwa wao.

NYUMBA YA MAJARIBIO

Kutoka mtaa wa mafundi, shika njia ya kusini-mashariki hadi Banbury Street. Ng'ambo ya majengo mapya, karibu na mfereji wa maji wa zamani na mahali panapojengwa reli mpya ya mwendo wa kasi, utaona jengo la matofali mekundu. Juu ya lango lake pamechongwa rundo la silaha na bendera. Hii ndiyo Nyumba ya Majaribio ya Bunduki, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, na hadi leo ingali inafanya kazi ile ile. Ndani kuna makumbusho, ila huwezi kuingia kama unavyoingia sokoni. Sharti uandike mapema na kupewa nafasi.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Bunduki mpya hufungwa imara mahali palipokingwa kwa kuta nene, ikatiwa risasi iliyoongezwa nguvu makusudi kupita kiwango cha kawaida. Kisha hufyatuliwa na mtu aliyejikinga. Ikisalimika, hukaguliwa kila upande na kugongwa muhuri mdogo kwenye chuma. Ikivimba au kupasuka, heri imepasuka humo kuliko kupasukia usoni mwa mnunuzi. Kwa sheria ya Uingereza, kuuza bunduki isiyo na muhuri huo ni kosa.

Muhuri huo mdogo una maana kubwa kwetu. Katika miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walijiundia bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mipira ya magurudumu. Hapakuwa na nyumba ya majaribio msituni. Jaribio la kwanza lilikuwa ndilo pambano lenyewe, na kuna waliopoteza vidole, macho na hata maisha si kwa risasi ya adui bali kwa bomba lililopasuka mikononi mwao. Hivyo basi, muhuri wa Birmingham ni jambo la anasa kwa mtu aliye na nafasi ya kungojea. Mashujaa wetu hawakuwa nayo.

Tena, jambo la hatari ya baruti halikuwa geni hata kwa wenyeji wa Birmingham. Katika kitongoji cha Witton, kaskazini mwa mji, George Kynoch alianzisha kiwanda cha risasi mwaka 1862. Mwaka 1870 kiwanda kingine cha Witton kililipuka na kuua makumi ya watu, wengi wao wakiwa wanawake na wasichana waliokuwa wakijaza risasi kwa mikono. Na usiku wa Novemba 19, 1940, ndege za Ujerumani zilikishambulia kiwanda cha BSA mtaani Small Heath, wafanyakazi 53 wakafa. Mji uliouuzia ulimwengu mauti haukusalimika nayo.

RISASI ILIYOPIGWA MARUFUKU

Kabla hatujapanda gari la moshi kuelekea Bisley, hebu tuitazame risasi yenyewe. Lugha yetu ina jambo la kupendeza hapa. Kiswahili huita risasi yale madini mazito ya kijivu, na pia huita risasi kile kinachotoka kwenye mtutu. Katika bastola ya Webley majina hayo mawili ni kitu kimoja, kwani kipande kinachoruka ni madini hayo karibu matupu, chenye upana wa kama milimita 11.5 na uzani wa gramu 17 hivi. Hakiendi kasi sana. Huenda takriban mita 180 kwa sekunde, yaani polepole kuliko sauti. Nguvu yake i katika uzito.

Mwaka 1898 jeshi la Uingereza lilitoa risasi nyingine ya bastola hii. Kichwa chake kilikuwa bapa chenye shimo, ili ikimpata mtu ipanuke mwilini na kuchana nyama. Hoja iliyotolewa enzi hizo ilikuwa kwamba askari wa makoloni wanakabiliana na watu ambao risasi ya kawaida haiwasimamishi. Watu hao, msomaji, ni sisi na wenzetu wa Sudan na India. Mwaka uliofuata, 1899, mataifa yalikutana mjini The Hague, Uholanzi, na kutoa azimio la kupiga marufuku risasi zinazopanuka mwilini katika vita baina yao. Risasi ile ya kichwa bapa ikaondolewa, na ya mviringo ikarudishwa.

Kwa hiyo, ukimwona mzee wa Kiingereza akizipanga risasi za Webley mezani kwake, jua kwamba umbo lake la mviringo lina historia ambayo huenda yeye haikumbuki. Ni wajibu wetu kuikumbuka.

SAFARI YA BISLEY

Sasa rudi London, uende kwenye kituo cha Waterloo na kukata tikiti ya Brookwood. Ni safari isiyofika saa moja. Zamani palikuwa na reli ndogo kutoka Brookwood hadi kambini Bisley, lakini ilifungwa mwaka 1952, kwa hivyo leo utatumia teksi au miguu yako.

Chama cha kulenga shabaha cha Uingereza kilianza mashindano yake Wimbledon mwaka 1860, ambapo Malkia Victoria mwenyewe alifyatua risasi ya kwanza. Nyumba zilipozidi kukaribia, kikahamia Bisley mwaka 1890. Ukiingia kambini utashangaa. Utaona vibanda vya mbao vyenye baraza pana, mabati na bustani za maua, utadhani umefika katika nyumba ya mlowezi wa zamani huku kwetu. Kibanda cha Wakanada kilijengwa mwaka 1897 na kingalipo. Uwanja mmoja huitwa Century kwa kuwa ulikuwa na shabaha 100 zilizopangwa sambamba. Uwanja mwingine, Stickledown, humruhusu mlengaji kupiga shabaha iliyo umbali wa zaidi ya kilomita moja.

Wapenzi wa michezo watafurahi kujua kwamba mashindano mengi ya kulenga shabaha ya Olimpiki ya mwaka 1908 yalifanyika hapa, na vilevile yale ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2002. Na akina dada mtapenda kusikia kwamba mwaka 1930 Marjorie Foster aliwashinda wanaume wote na kutwaa Tuzo la Mfalme. Desturi ya hapa ni kwamba mshindi wa tuzo hilo huketishwa kitini akabebwa juu juu kwa nderemo.

Lakini Bisley ina sababu nyingine ya kutembelewa. Mnamo Machi 13, 1996, mtu mwenye bastola aliingia katika shule ya msingi mjini Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Taifa zima liliomboleza. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria zilizoharamisha umilikaji wa karibu bastola zote katika Uingereza, Wales na Scotland. Wenye bastola waliziwasilisha kwa polisi. Hata hivyo, sheria iliacha mwanya mwembamba kwa bastola za kihistoria. Baadhi huruhusiwa kukaa nyumbani kwa mwenyewe pasipo risasi. Nyingine huruhusiwa kufyatuliwa, ila kwa sharti kwamba zihifadhiwe chini ya kufuli katika mahali maalumu palipoidhinishwa, na Bisley ni mojawapo. Mwenye Webley yake ya mwaka 1915 husafiri kuja kuitembelea kama mtu anayemtembelea jamaa aliyelazwa hospitalini. Huiona, huifyatua, huisafisha na kuiacha hapo hapo.

CHAKULA CHA BASTOLA

Swali ni hili: huipa chakula gani? Jeshi liliacha kuitumia bastola hii miongo mingi iliyopita, na risasi zake ni adimu na ghali. Ndiposa wenyewe huokota maganda yao baada ya kufyatua na kuyajaza upya.

Risasi kamili ina vitu vinne: ganda la shaba ya manjano, fataki ndogo kitakoni inayowasha moto, baruti, na kipande cha madini kinachoziba mdomo. Fundi hukaa mezani penye mashine ndogo ya mkono. Kwanza husafisha ganda na kulikagua kama lina ufa. Huling'oa fataki iliyokwisha kazi, hulibana ganda lirudie umbo lake, hutia fataki mpya. Kisha hupima baruti kwa mizani, huimimina, huketisha kipande cha madini mdomoni na kukikaza. Nchini humo fataki haziuzwi ovyo. Sharti mnunuzi aoneshe cheti.

Vipimo vyake vitakufurahisha. Baruti hupimwa kwa punje. Punje hapa ni kipimo cha kale cha Waingereza, kilichotokana na uzito wa mbegu ya nafaka. Ratili moja ina punje 7,000, na bastola kama hii hula punje chache tu kwa kila risasi. Mama zetu wanaopima kwa kibaba wangecheka kwamba kuna kipimo kidogo hivyo. Lakini hapo ndipo uhai wa mtu ulipo.

Sababu ni hii. Muundo wa ganda la Webley una asili yake katika enzi ya baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya kisasa ina nguvu nyingi katika kiasi kidogo, kwa hiyo hukaa chini kabisa ya ganda kama majani ya chai katika kikombe. Fundi akipigiwa simu au akiitwa na mtoto katikati ya kazi, anaweza kutia mara ya pili bila kujua, na ganda lisifurike wala kuonyesha dalili yoyote. Silinda ya zaidi ya miaka 100 haiwezi kustahimili mara mbili. Ndiyo maana fundi mwerevu huyapanga maganda yote wima kwenye kibao, akachukua tochi na kumulika ndani ya kila moja kabla ya kulifunga. Kosa la upande wa pili nalo lipo. Ganda likikosa baruti, fataki pekee yaweza kukisukuma kipande hadi katikati ya mtutu kikakwama humo. Risasi inayofuata itakikuta njiani.

Huko Marekani walijifunza kwa machungu. Bastola nyingi za Webley ziliuzwa huko baada ya Vita Vikuu vya Pili, na wafanyabiashara wakazichonga nyuma ya silinda ili zipokee risasi ya kijeshi ya Marekani iliyokuwa tele na rahisi. Ziliingia sawasawa. Lakini kuingia si kufaa. Msukumo wa risasi hiyo ya Kimarekani unapita hata ule ambao bastola ilijaribiwa nao Birmingham, na silinda kadhaa zimepasuka. Muhuri wa Nyumba ya Majaribio ulikuwa ahadi juu ya chakula fulani tu. Aliyebadilisha chakula alivunja ahadi.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Fundi wa risasi hapokei wageni akiwa mezani, havuti sigara, hasikilizi mpira redioni, wala hakopi kipimo cha mwenzake kwa kusikia. Hufungua kitabu cha vipimo, huanzia chini ya kiwango, huandika kila alichotia. Akimaliza hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwani madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

NA SISI JE?

Huenda unauliza, msomaji, haya ya Waingereza na bastola zao yanatufaa nini. Yanatufaa sana. Ukiipeleka familia yako Taita Taveta, utafika kwenye kilima cha Salaita, ambako majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Februari 12, 1916. Katika nyika ya eneo hilo maganda ya vita hivyo bado huokotwa. Watoto huyapenda kwa kuwa yanang'aa yakisuguliwa. Ganda tupu ni historia. Lakini risasi ambayo haijafyatuliwa, hata iwe imeota kutu, ni baruti na fataki zilizongojea zaidi ya miaka 100. Usiigonge, usiichome motoni, usiitie mfukoni. Iache ilipo na uwaarifu polisi au askari wa wanyamapori walio karibu.

Vivyo hivyo, iwapo mzee ameaga dunia na katika sanduku lake la mbao mkapata bastola iliyofungwa kwa kitambaa, msiijaribu nyuma ya nyumba ili kuona kama ingali nzima. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuweka bunduki au risasi bila cheti, seuze kuzitengeneza. Ipelekeni kituoni mkiandamana na mzee wa mtaa au wakili, mkaandikishe kwamba mmeisalimisha.

Na ukibahatika siku moja kufika Birmingham, uliza njia ya Banbury Street. Simama langoni utazame silaha zile za mawe zilizochongwa juu, mahali ambapo kwa zaidi ya karne mbili chuma kimekuwa kikiulizwa swali moja kabla ya kukabidhiwa binadamu: utastahimili kiasi gani? Beba koti zito, maana upepo wa mfereji ule hauna huruma.